Chokaa ya fundi na chokaa ya kidonge, ni kitu kimoja?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Stoo nimekuta gunia limeandikwa CHOKAA, basi, halina maelezo mengine. Fundi aliyetupakia ukuta anasema ni baki lake na alinikanya nisiiguse kwa mikono mitupu. Yeye mwenyewe vidole vilimchubuka. Jirani anasema niimwage bustanini, maana udongo wangu una asidi. Halafu binti yangu, anayesoma kemia, kaangalia boksi la vidonge vyangu vya kiungulia akacheka: 'Mama, kumbe unakula chokaa!' Boksi limeandikwa kabonati ya kalsiamu. Sasa mwalimu, kama ni chokaa ileile, mbona fundi imemchubua na mimi naimeza? Na gunia hili nilifanyeje?"

Jibu:

Marahaba, dada. Binti yako amesema kweli, fundi naye amesema kweli, na jirani amesema nusu ya kweli. Linalowagonganisha ni neno lenyewe. Kiswahili kinachojua kutenganisha mpunga, mchele na wali kimeliacha neno chokaa libebe kila kitu: jiwe ni chokaa, unga wa jiwe hilo ni chokaa, jiwe likichomwa ni chokaa, likimwagiwa maji ni chokaa, likipakwa ukutani bado ni chokaa. Kwa mkemia hapo kuna vitu vitatu tofauti. Kimoja unakimeza, cha pili kinachubua vidole, na cha tatu kinaweza kuchemsha maji bila moto.

Tuanze na jiwe, maana ndilo lililomo kwenye kidonge chako. Kabonati ya kalsiamu, ambayo binti yako ataiandika CaCO3, ni kalsiamu, kaboni na oksijeni zilizoshikana. Ni miongoni mwa madini yaliyozagaa sana duniani: mawe ya chokaa, marumaru, chaki ya asili, matumbawe, makombe ya chaza, lulu, nyumba ya konokono. Ganda la yai la kuku ni kabonati ya kalsiamu kwa kiasi cha asilimia 95 hivi. Majabali meupe ya Dover kule Uingereza ni magamba ya viumbe vya baharini wasioonekana kwa macho, yaliyozama na kurundikana sakafuni mwa bahari kwa mamilioni ya miaka. Sanamu ya Daudi ambayo Michelangelo aliichonga kati ya 1501 na 1504 ni marumaru ya Carrara, Italia. Ukiipeleka maabara, sanamu hiyo na ganda la yai ni ndugu wa tumbo moja.

(Kwa kuwa nimetaja marumaru: siku hizi kila kigae cha sakafuni kinachong'aa huitwa marumaru. Vingi ni udongo uliochomwa, wala havina udugu na jiwe hili. Na kama kweli unayo ya jiwe, usiifute kwa ndimu wala siki. Itafifia pale tone lilipoangukia na haitarudi kung'aa mpaka ing'arishwe upya.)

Jiwe hili ni laini. Kwa kipimo cha Mohs, kinachopanga madini kwa ugumu kutoka 1 hadi 10, liko kwenye 3: ukucha hauliwezi, kisu kinalikwaruza. Ulaini huo ndio uliolipa kazi kwenye dawa ya meno, kwani linasugua uchafu bila kulichuna jino, ambalo ni gumu kulishinda. Lakini sifa inayojibu swali lako ni nyingine: jiwe hili haliyeyuki kirahisi. Lita nzima ya maji safi huyeyusha kama miligramu 15 tu. Kidonge kimoja chenye miligramu 500 kingehitaji zaidi ya lita 30 za maji safi kiyeyuke chote. Unga wa namna hiyo ukikaa mkononi, unakaa tu. Utakukausha ngozi kidogo, basi. Kitu kisichoyeyuka hakina cha kukuchomea.

Sasa tuupitishe motoni.

Ukilichoma jiwe la chokaa kwenye tanuri mpaka karibu nyuzijoto 900 za Selsiasi, linaanza kuachia kaboni dioksidi. Haliyeyuki, halishiki moto, na kwa nje halionyeshi mabadiliko makubwa. Linatoka na umbo lilelile. Ila ukiliinua unashangaa wepesi wake. Kilo 100 za jiwe safi zinatoka tanurini zikiwa kilo 56. Kilo 44 zimeondoka kwa njia ya hewa. Kilichobaki ni oksidi ya kalsiamu, ambayo mafundi huiita chokaa hai.

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba chokaa hai inaunguza kwa sababu imemeza moto wa tanuri, na ukiigusa unaguswa na moto ule. Ukiifikiria, ni hoja inayoingia akilini: kitu kimekaa motoni kutwa, kimetoka kinachoma, kimepata wapi ukali kama si humo? Daktari na mkemia Mskoti, Joseph Black, ndiye aliyeipindua kwa mizani. Kwenye majaribio aliyoyachapisha mwaka 1756 alionyesha kwamba jiwe halichukui kitu tanurini, linapoteza. Linapoteza hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake, nayo ndiyo iliyokuwa imeutuliza ukali. Irudishie hewa ile, inarudi kuwa jiwe pole. Mimi huwa nawaambia wanafunzi kwamba hapa kemia iliacha kuwa hadithi ikaanza kuwa hesabu, ingawa wenzangu wa fizikia hawapendi kusikia hivyo.

Chokaa hai ina kiu ya maji isiyo ya kawaida. Nilipokuwa msaidizi wa maabara, kijana na mjuaji, niliambiwa nizime mabonge machache. Nikayaweka kwenye ndoo ya plastiki, nikamwaga maji juu yake. Kwa kama dakika moja hakikutokea kitu. Nikainama nichungulie. Bonge la juu likapasuka, kisha la pili, mvuke ukanipanda usoni, maji yakaanza kutokota pale ndooni bila jiko, na ubavu wa ndoo ukalegea kama mshumaa uliosahauliwa juani. Miwani ndiyo iliyoniachia macho. Mkuu wangu hakunigombeza. Alinyoosha kidole tu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, ambayo sikuwahi kuisoma: chokaa hutiwa ndani ya maji, kidogo kidogo, na kamwe si maji juu ya chokaa, na chombo kisiwe cha plastiki.

Ikishatulia, unapata chokaa iliyozimwa, yaani hidroksidi ya kalsiamu. Kilo 56 zimekunywa kilo 18 za maji zikawa kilo 74 za unga mkavu, mweupe, laini. Na hapa ndipo mtego ulipo: kwa macho huwezi kuutofautisha unga huu na unga wa jiwe bichi. Rangi moja, ulaini mmoja, gunia moja, jina moja. Lakini huu unayeyuka zaidi ya mara 100 kuliko ule wa jiwe, na maji yake yana pH (kipimo cha asidi na alkali, katikati yake ni 7) inayopita 12, ambayo ni alkali kali, yaani kinyume cha asidi.

Fundi wako amechubuliwa na huu. Ukiushika kwa mkono wenye jasho, unasikia vidole vinateleza. Utelezi huo si wa chokaa. Ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanageuzwa sabuni, kwa njia ileile ambayo viwanda hugeuza mafuta kuwa sabuni kwa alkali. Mafuta yakiisha, inaingia kwenye ngozi yenyewe. Haiumi papo hapo, ndiyo maana mafundi wengi huizoea vibaya. Mtu anafanya kazi asubuhi, jioni ndipo vidole vinapasuka. Saruji mbichi hufanya hivyohivyo, kwa sababu nayo ikichanganywa na maji hutoa chokaa ya namna hii.

Ukutani mambo yanageuka tena. Chokaa iliyopakwa inapoteza maji yake polepole na kuvuta kaboni dioksidi kutoka hewani, mpaka zile kilo 44 zilizotoroka tanurini zinarudi zote. Kilo 74 zinapokea 44, zinatoa 18 za maji, zinabaki 100 kamili. Yaani fundi amepaka kitu kinachochubua, na baada ya wiki na miezi ukutani kuna jiwe lilelile la mwanzo, jembamba kama karatasi, lisilo na madhara kwa mkono wa mtoto. Kwa hiyo chokaa haikauki tu kama nguo, inageuka jiwe, na ili igeuke inahitaji hewa. Ndiyo maana ikifunikwa ndani ya maji kwenye pipa lililozibwa hukaa miaka ikiwa laini kama siagi, lakini gunia lililoachwa wazi huharibika: juu linakuwa jiwe, katikati bado ni chokaa. Shika hilo, litatusumbua kidogo tukifika kwenye gunia lako.

Kwa binti yako nina jaribio moja, na asilifanye bila miwani ya maabara. Achukue kijiko kidogo cha chokaa iliyozimwa, aitie kwenye chupa ya maji, atikise, aiache usiku kucha. Asubuhi amimine polepole yale maji ya juu yaliyo safi kama maji ya kunywa, ayazimue kwa maji safi mara kumi hivi, kisha apulize pumzi ndani yake kwa mrija. Apulize, asivute. Maji yataanza kufuka weupe kama maziwa: kaboni dioksidi ya pumzi yake imekutana na chokaa, na chembe za kabonati ya kalsiamu zimezaliwa mbele ya macho yake. Wengi hukomea hapo. Yeye aendelee kupuliza bila kukata tamaa, na ule weupe utaanza kupotea, maji yarudi maangavu. Gesi ikizidi, kabonati hugeuka bikabonati, na bikabonati inayeyuka majini. Sasa ayachemshe maji hayo maangavu. Gesi itatoka, weupe utarudi.

Hapo atakuwa ametengeneza, kwa udogo, pango na birika. Maji ya mvua hubeba kaboni dioksidi ya hewani na nyingine zaidi ya udongoni, yakipita kwenye miamba ya chokaa yanaitafuna taratibu na kuibeba kama bikabonati. Hivyo ndivyo mapango mengi ya chokaa yalivyochimbika. Maji hayohayo yakidondoka pangoni na kupoteza gesi, yanaacha jiwe tone kwa tone, na unaona yale mawe yaning'iniayo kama meno. Yakifika jikoni kwako huitwa maji magumu: sabuni haitoki povu, na birika likichemka kila siku linafanya ukoko mweupe ndani. Ukoko huo ni kabonati ya kalsiamu. Haudhuru anayekunywa, ila unakula umeme, kwa sababu joto linalazimika kupita kwenye jiwe kabla halijafika majini. Tia siki na maji nusu kwa nusu, pasha kidogo, acha robo saa; utasikia ukoko unachachatika, kisha suuza. Kuukwangua kwa kisu ni kuliharibu birika.

Mchachatiko huo huo ndio unaoendelea tumboni mwako. Jiwe lililokataa kuyeyuka kwenye maji halina ubavu mbele ya asidi. Asidi ya tumbo inalivunja, yenyewe inapungua, na yanayobaki ni chumvi ya kalsiamu, maji na kaboni dioksidi. Hiyo gesi ndiyo inayokubeulisha dakika chache baada ya kutafuna kidonge. Na sababu ya kuchagua jiwe hili badala ya ile chokaa ya fundi, ingawa zote mbili zinaweza kuipunguza asidi, ni kwamba hili halifanyi kazi mpaka likutane na asidi. Mdomoni na kooni linapita kama vumbi. Chokaa iliyozimwa isingesubiri: ingeanzia kazi ulimini na kukuunguza koo lote. Umenielewa sasa kwa nini jina moja linaweza kuua mtu?

Mimi ni mkemia, si daktari, kwa hiyo nitasema machache tu kuhusu vidonge. Asilimia 40 ya uzito wa kabonati ya kalsiamu ni kalsiamu yenyewe, hivyo kidonge cha miligramu 500 kinakupa kalsiamu miligramu 200, na ndiyo maana kitu hichohicho huuzwa pia kama dawa ya kuimarisha mifupa. Ukivitafuna ovyo, siku baada ya siku, choo kinafunga, na kalsiamu ikizidi kwenye damu figo ndizo zinazolipa. Pia kalsiamu hushikana na dawa nyingine tumboni ikazizuia zisiingie mwilini: antibiotiki kama tetrasaiklini na siprofloksasini, vidonge vya madini ya chuma, dawa ya tezi ya shingo iitwayo levothairoksini. Hii ya mwisho huachiwa nafasi ya saa nne. Nyingine muulize mfamasia. Na umesema vidonge vyako ni vya kiungulia. Kama kiungulia hicho ni cha kila siku, na imepita wiki mbili, acha kemia yangu uende hospitali.

Wala usilambe unga wa gunia lolote ukidhani ni dawa ya bei rahisi, hata ukiwa umehakikisha ni jiwe tupu. Kabonati ya kidonge imesafishwa: kiwandani hulichoma jiwe, huizima chokaa, kisha huipulizia kaboni dioksidi, kama binti yako na mrija wake, ili kabonati iliyo safi itengane na takataka. Jiwe la kawaida hubeba kilichomo ardhini mwake, na wakati mwingine hicho ni risasi au aseniki.

Haya, gunia.

Alama ulizonipa, kwamba ni baki la fundi wa kupaka na kwamba lilimchubua, zinanifanya niweke dau kwenye chokaa iliyozimwa. Lakini dau si kipimo. Vaa glavu na miwani, simama penye hewa pasipo na upepo, chota kijiko kimoja kutoka katikati ya gunia, si juu, kwa sababu ya juu huenda imeshageuka jiwe kama nilivyosema. Kama ndani kuna mabonge, anza kwa kutupia kibonge kidogo kama punje ya haragwe kwenye bakuli la udongo lenye maji, ukiwa umesogea. Kikipasuka na maji yakapata moto, hiyo ni chokaa hai. Funga gunia, usiguse tena, mwite fundi alichukue.

Kama ni unga na maji yamebaki baridi, dondoshea siki kwenye unga mkavu. Kabonati inafoka povu papo hapo. Chokaa iliyozimwa inakaa kimya, au inatoa povu hafifu kwa sababu ya ile sehemu iliyokwisha kugeuka. Tatizo ni kwamba jasi (gypsum) nayo inakaa kimya, na jasi ni unga mweupe uleule. Usiyaamini macho kwenye weupe. Hata chaki nyingi za ubaoni siku hizi ni jasi, jambo ambalo limewahi kuniaibisha mbele ya darasa zima nikisubiri povu ambalo halikuja.

Kwa hiyo ongeza kipimo cha pili. Koroga unga wa manjano kwenye maji kidogo, weka tone lake kwenye uji wa hicho unachokipima. Kwenye chokaa iliyozimwa, njano inageuka nyekundu ya tofali mara moja, maana manjano hubadilika rangi ikikutana na alkali kali. Kwenye unga wa jiwe na kwenye jasi inabaki njano au inakolea kidogo tu. Sasa unasoma majibu mawili kwa pamoja: povu jingi na njano, hilo ni jiwe; kimya na nyekundu, ni chokaa iliyozimwa; povu kidogo na nyekundu, ni chokaa iliyozimwa iliyozeeka, na bado inachubua; kimya na njano, huenda ni jasi. Povu linalokuja kwa kusitasita huku manjano ikibaki njano mara nyingi ni dolomiti, jiwe ndugu lenye magnesi ndani yake, ambalo mabustani hulipenda vilevile.

Tumefika kwa jirani. Nusu yake ya kweli ni hii: udongo wenye asidi, hasa pH ikishuka chini ya 5.5, huachia alumini ambayo huidumaza mizizi, na chokaa hulitibu hilo. Nusu iliyobaki ni chokaa gani, kiasi gani, na nani amepima. Zile namba za tanuri zinarudi hapa: kilo 100 za unga wa jiwe, kilo 74 za chokaa iliyozimwa na kilo 56 za chokaa hai zinaondoa asidi sawasawa. Kwa mizani, basi, chokaa ya fundi ina nguvu zaidi, na wako wakulima wanaoitumia kwa kujua. Mimi sikushauri. Inafanya kazi kwa haraka, inaunguza miche, na ukikosea kipimo udongo unaruka upande wa pili wa alkali. Huko madini ya chuma na zinki yanafungwa, majani mapya yanakuwa njano huku mishipa yake ikibaki kijani, na kuyarudisha ni kazi kuliko uliyoianza nayo. Unga wa jiwe una breki ndani yake: asidi ya udongo ikipungua, nao unapunguza kuyeyuka.

Pima udongo kwanza. Ukiambiwa uweke chokaa, tafuta ya jiwe iliyosagwa laini; chembe kubwa kama mchanga zitakaa miaka bila kufanya la maana. Ichanganye na udongo mapema, miezi miwili mitatu kabla ya kupanda, wala usiiache juu kama unga uliomwagika. Na usiichanganye siku moja na mbolea yenye amonia wala samadi mbichi. Ukiona harufu inakuchoma pua, ujue ndiyo nitrojeni uliyoilipia inapaa. Hilo linaihusu zaidi chokaa iliyozimwa, lakini hata ya jiwe ni bora uipe nafasi.

Ungeniuliza kitu hiki kinatumika wapi kwingine ningekwambia ni rahisi kutaja kisikotumika. Kioo cha dirishani ni mchanga, magadi na jiwe la chokaa vilivyoyeyushwa pamoja. Karatasi nyeupe imejazwa unga wake ili isipitishe mwanga. Rangi za ukutani, mabomba ya plastiki, chakula cha kuku wa mayai, tanuri za kuyeyushia chuma, vyote vinaumeza. Saruji peke yake inastahili sentensi zaidi, kwa sababu ya zile kilo 44. Kila jiwe la chokaa linalochomwa kwa ajili ya saruji linaachia gesi yake hewani, na gesi hiyo ya ndani ya jiwe ni zaidi ya nusu ya kaboni dioksidi yote ya viwanda hivyo. Moshi wa makaa ndio unaofuata. Kwa ujumla saruji huchangia karibu asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksidi inayotolewa na shughuli za binadamu. Hata ukiwasha tanuri kwa umeme wa jua, jiwe litatoa kilo zake 44 vilevile. Alichokipima Black kwenye mizani yake sasa kinawakosesha wahandisi usingizi.

Turudi stoo kwako. Kama vipimo vitathibitisha ninavyodhani, hamishia unga huo kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, mbali na maji na mbali na watoto. Anayeushika avae glavu na miwani, na akimaliza anawe kwa maji mengi. Ukimwingia mtu jichoni, usitafute siki ya kuua alkali. Pangusa unga uliobaki usoni, fungua jicho, limwagie maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 20 bila kuacha, kisha hospitali, hata kama anasema nafuu imekuja. Alkali huendelea kuingia ndani wakati maumivu yameshatulia. Na kabla hujafunga kifuniko, chukua kalamu nene umalizie kazi ambayo mwenye gunia hakuimaliza, uandike jina lote: CHOKAA ILIYOZIMWA, INACHOMA.